Namalwa na Nyumba Kumi na Tisa

Ujumbe ulikuwa uje kabla ya saa tatu usiku. Ofisi ilikuwa imesema hivyo: kila mmoja angeandikiwa kwa simu, wengine waambiwe waendelee na kazi, wengine warudishe tableti, ile simu pana wanayotumia kuandikia majibu ya watu. Saa tatu ikapita, saa nne ikapita. Namalwa, binti yangu, aliweka simu juu ya meza akaifunika kwa kitambaa ili asiione, halafu kila baada ya dakika chache akawa anakifunua. Mimi nilikuwa nimekaa karibu na mlango nikimenya viazi vya kesho. Debe moja lilikuwa limekwisha. Nikaanza la pili, ingawa Jumatatu huwa situmii hata moja likaisha.

"Mama, hivyo viazi vitakuwa vyeusi," akaniambia.

"Wacha viwe vyeusi."

Baba yake, Nicodemus, alikuwa kazini. Ni mlinzi wa usiku kwenye ghala moja la nafaka. Alipiga mara mbili kuuliza kama kuna habari. Mara ya pili Namalwa aliruka akidhani ni ofisi, na alipoona ni babake akamjibu kwa ukali hadi nikamwonea huruma yule mzee huko langoni kwake na tochi yake.

Saa saba kasoro robo ujumbe ukaingia. Namalwa aliusoma akiwa amesimama. Mimi sikuangalia simu, nilimwangalia yeye.

"Hawajanifuta," akasema. "Lakini hawajanibakisha. Jumatano Jamleck, msimamizi wetu, anarudi Kuresoi kukagua, na mimi niende naye. Tutaanza na nyumba ya kwanza. Mama mwenye nyumba akisema hanijui, narudisha tableti hapo hapo."

"Na akisema anakujua?"

"Hata hiyo pekee haitoshi. Jamleck anataka kujua kwa nini nyumba kumi na tisa zilijibu kama mtu mmoja."

"Na ukirudisha tableti?"

"Jina langu litaenda kwa ofisi zingine. Hapa Nakuru watu wa utafiti wote wanajuana, Mama. Watasema mimi hukaa mahali na kujijazia majibu."

Nilimwambia alale. Hakulala. Nilimsikia akigeuka geuka mpaka Nicodemus alipobisha mlango alfajiri.

Naandika habari zake kwa sababu watu wa mtaa wetu walisema mengi wiki ile, na wengi hawajui hata kazi yake ni nini. Namalwa alizaliwa hapa Kaptembwo. Babu yake ndiye aliyetoka Bungoma kuja kufanya kazi ya reli, na sisi tukabaki. Mtoto huyu aliuliza maswali tangu alipojua kusema. Nikimtuma sukari anarudi na sukari na swali: kwa nini duka la kona linauza ghali na bado watu wanaenda kwake? Mimi nilisoma mpaka darasa la saba. Nilimjibu, "Kwa sababu wanaenda," na yeye akarudi kwa mwenye duka kumuuliza. Yule mzee alimfukuza, kisha siku nyingine akamwambia ukweli: yeye hufungua saa kumi na moja asubuhi, wakati wenzake bado wamelala.

Alimaliza sekondari, tukauza cherehani yangu, akasoma diploma ya biashara kwenye chuo kimoja mjini. Baadaye akakaa nyumbani miaka miwili bila kazi, akinisaidia kwenye kibanda. Mimi nauza chipsi karibu na magereji, na miaka yote hiyo niliamini kwamba wateja wangu ni wanafunzi. Nilikuwa nawasha jiko saa saba mchana ili chipsi ziwe moto wakitoka shuleni. Namalwa alipanga mikebe mitatu chini ya meza: mmoja wa wanafunzi, mmoja wa mafundi wa gereji, mmoja wa watu wengine. Kila mteja akija, anatupa kifuniko kimoja cha soda kwenye mkebe wake.

Fundi mmoja anayeitwa Quincy alimwona. "Mathe," akaniambia, "huyu msichana wako anatuhesabu kama ng'ombe?"

"Muulize mwenyewe."

"Sasa mimi niko mkebe gani?"

"Wa watu wanaokula bila kunawa," Namalwa akamjibu, na wenzake wakamcheka mpaka jioni.

Baada ya wiki mbili mkebe wa mafundi ulikuwa umejaa. Ule wa wanafunzi haukufika nusu. Nilibisha. Nilisema amekosea, mimi ndiye niko hapo kila siku, mimi ndiye ninawaona. "Unawaona kwa sababu wanapiga kelele," akasema. "Mafundi wanakuja saa nne, wanakuta jiko halijawashwa, wanaenda kula maandazi ng'ambo ya barabara." Nilinuna siku mbili. Siku ya tatu niliwasha jiko saa tatu asubuhi, na tangu hapo sijarudi kwa saa zangu za zamani.

Basi alipopata kazi ya kuuliza maswali, mimi sikushangaa. Walioshangaa ni majirani. "Hiyo ni kazi? Kuuliza?" Ofisi ile hufanyia utafiti biashara ndogo na kilimo, na Namalwa na wenzake ndio huenda nyumba kwa nyumba. Kabla hajaanza aliambiwa afanye mazoezi na mtu yeyote, akanichagua mimi. Tulikaa mezani, tableti mbele yake. Akabadilisha sauti, ikawa ya ofisini.

"Mafuta ya kukaangia unabadilisha baada ya muda gani?"

"Kila siku," nikasema.

Aliinua macho. Tunaishi nyumba moja. Mtungi wa mafuta meusi uko nyuma ya mlango na yeye hupita hapo kila asubuhi. Halafu akaandika: kila siku.

"Mbona umeandika hivyo?"

"Ndivyo umesema. Kazi yangu ni kuandika vile mtu amesema."

Mpaka leo sijui vizuri kwa nini nilidanganya. Hakuna mtu angenishika, alikuwa mtoto wangu. Lakini swali lilisomwa kutoka kwenye kile kitu, kwa ile sauti, na nikajiona nimesimama mbele ya afisa wa afya. Hatukuzungumza tena habari za mafuta.

Kazi ya Kuresoi ilikuwa ya viazi. Ofisi ilitaka kujua kwa nini wakulima wengi wanapanda viazi vidogo vilivyobaki ghalani, badala ya kununua mbegu safi iliyokaguliwa, ilhali wanasikia kila mara kwamba mbegu safi huzaa zaidi. Je, ni umbali? Ni kutoamini wauzaji? Namalwa alipewa kigongo kimoja cha kilima, nyumba kumi na tisa. Mimi Kuresoi nilikuwa sijakanyaga tangu mwaka ule wa vurugu za uchaguzi, na sikutaka yeye akanyage. Kwa siku nane alizokuwa huko nilipiga simu asubuhi, mchana na jioni. Alirudi na matope hadi magotini, na akiwasifu wamama wa huko kwa chai yao.

Wiki iliyofuata ofisi ikamwita. Kwenye kompyuta majibu yote kumi na tisa yalifanana: mbegu zimenunuliwa kwa muuzaji aliyeidhinishwa, magunia matatu, msimu uliopita. Hata maneno yalikuwa yale yale. Wakapiga simu kwa wale wamama kuhakikisha. Wengine hawakushika. Walioshika walisema hawajawahi kuona msichana yeyote.

Asubuhi ile baada ya ujumbe, nikimenya na yeye akinywa chai, nikamuuliza anadhani ni nini kilitokea.

"Nyumba ya kwanza ni ya Mama Kibii," akasema. "Jepkemei, mwenyekiti wa kikundi cha wamama. Kabla sijaanza aliniuliza, jibu nzuri ni gani? Nikamwambia hakuna nzuri wala mbaya. Akacheka, akasema hakuna mtihani usio na majibu. Mwishoni nikampa zile kilo mbili za sukari tunazowapa wote. Nadhani alifikiri amepita mtihani."

"Akafundisha wengine."

"Kulikuwa na mkutano wa kikundi jioni ile. Kesho yake wote wananijibu haraka haraka. Yule wa mwisho, Mama, alitaja magunia matatu kabla sijauliza."

"Na hukumwambia Jamleck?"

Aliangalia kikombe. "Nilikuwa nimechoka. Nilitaka nimalize."

Kosa lake ni hilo, na silifichi. Lakini kulikuwa na jambo lingine. Nilichukua kiazi kutoka kwenye debe, nikakikata katikati nikamwonyesha. Ndani kulikuwa na duara la kahawia, na nilipokibana kikatoa majimaji kama maziwa. Ni ugonjwa wa mnyauko. Huwa naona vya namna hiyo kila siku, natenga pembeni.

"Hiki kimetoka wapi?" akauliza.

"Yule ninayenunua kwake sokoni hubeba mzigo wake kutoka kigongo hicho hicho ulichoenda. Miaka kumi na moja nakata viazi vyao. Mbegu safi gani hiyo inazaa hivi kila msimu?"

Namalwa alikichukua kile kiazi akakigeuza. "Ungeniambia kabla sijaenda," akasema.

"Hukuniuliza."

Jumatano nilimwambia naenda sokoni. Badala yake niliondoka kabla yake, nikiwa na viazi vitatu kwenye kikapu na kisu changu kimefungwa kwa gazeti. Nilikuwa sina mpango wowote. Nilijua tu kwamba sitaweza kukaa Kaptembwo siku nzima nikingoja simu tena. Nilifika Kuresoi mapema kwa matatu ya kwanza, nikakaa kwenye benchi ya duka la njia panda chini ya kigongo. Ukungu ulikuwa umeshuka hadi barabarani na nikajifunika leso kwa baridi.

Gari la ofisi likasimama. Alishuka kijana mwembamba mwenye koti la ofisi, na nyuma yake Namalwa.

"Mathe, umepotea?" yule kijana akaniuliza, kwa adabu.

"Sijapotea. Mimi ni mnunuzi wa viazi."

"Mama!" Namalwa akasema. Neno hilo moja tu.

Yule kijana, ndiye Jamleck, alinitazama, akamtazama yeye, akarudi kwangu. Tunafanana pua. "Haya," akasema. "Mama, umeshafika, siwezi kukuacha kwenye baridi. Lakini nikiuliza maswali, wewe husemi kitu. Hata kukohoa, usikohoe kwa maana."

"Sitakohoa."

Tulipanda kwa miguu. Boma la Mama Kibii lina nyumba ya mabati, zizi la ng'ombe wawili, na ghala la mbao lililoinuliwa kutoka chini, na kufuli mlangoni. Jepkemei alitoka akifuta mikono. Ni mwanamke wa rika langu, mrefu, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kuongoza mikutano. Alitukaribisha, tukakaa nje kwenye viti, akatuletea chai ya maziwa mengi. Alipompa Namalwa kikombe hakumwangalia.

Jamleck alianza. "Mama, unamjua huyu msichana?"

Akamtazama sasa, kwa muda. "Hapana. Wasichana wengi hupita hapa."

Namalwa aliinamisha kichwa. Mimi nilishika kikombe kwa mikono miwili.

"Hakuna mtu aliyekuja kukuuliza habari za mbegu?"

"Mambo ya mbegu uliza mzee."

"Mzee yuko wapi?"

"Ameenda Molo."

"Kwenye ghala lile kuna nini?"

"Majembe."

"Naweza kuona?"

"Ufunguo yuko nao mzee."

Alipokuwa akisema hayo mkono wake ulishuka polepole ukafunika pindo la leso yake kiunoni, pale ilipofungwa fundo. Mimi pia hufunga ufunguo wa kibanda changu kwenye leso. Najua fundo la ufunguo linavyokaa. Nilimwona Namalwa naye ameona. Hakusema kitu, kwa sababu kazi yake inamkataza kumtia mtu jibu mdomoni.

Jamleck aliuliza mengine mawili, akapata majibu ya namna ile ile. Akazima tableti yake. "Basi, nimemaliza," akasema, na akamnyooshea Namalwa mkono. Hakuwa na hasira. Ingekuwa rahisi zaidi kama angekuwa nayo. Namalwa alitoa tableti yake kwenye mfuko, akaipangusa kwa mkono wa sweta, mbele na nyuma, akampa.

"Umesema umemaliza?" nikamuuliza Jamleck.

"Nimemaliza, Mama."

"Basi naweza kukohoa."

Nilitoa kisu kwenye gazeti. Jepkemei akavuta kiti nyuma. Nikatoa kiazi cha kwanza, nikakikata, kikawa kizima. Nikaona aibu. Nikakata cha pili, na hapo duara likaonekana. Nikampa nusu moja.

"Mama Kibii, mimi nauza chipsi Nakuru," nikasema. "Viazi vyangu vinatoka kigongo hiki. Sikuja kukulaumu, tena vyenu ni vitamu kuliko vya kwingine. Lakini kila asubuhi nakata hivi."

Alikishika kiazi akakibana kwa kidole gumba. Majimaji yakatoka.

"Huyu ni binti yangu. Mwezi uliopita aliniuliza kwa hicho kitu chake nabadilisha mafuta ya chipsi baada ya muda gani. Nikamwambia kila siku."

Namalwa aliinua kichwa.

"Si kila siku," nikasema. "Ni siku tatu. Mwisho wa mwezi ni nne, na mara moja ilikuwa tano. Nilimdanganya mtoto wangu mwenyewe, kwenye meza yangu mwenyewe. Na hakuna hata sukari niliyopewa."

Jepkemei alianza kucheka bila kutaka. Aliziba mdomo kwa mkono uliokuwa na kiazi. "Siku tano!" akasema. "Na watu wanakula?"

"Wanakula na wanarudi."

"Sasa yeye aliandika nini?"

"Aliandika kila siku. Yeye huandika vile umesema, hata akijua ni uongo. Ndiyo maana leo ananyang'anywa kazi. Huyu kijana anafikiri yeye ndiye mwongo."

Ng'ombe mmoja alilia zizini. Jepkemei aligeuza kile kiazi, akaangalia duara, akaangalia ghala, akaangalia ng'ambo ya bonde ambako paa za nyumba zingine zilianza kuonekana ukungu ukipanda. Nilielewa. Yeye ni mwenyekiti. Kufungua lile ghala ni kusema mbele ya watu wa Nakuru kwamba aliwafundisha wanawake kumi na wanane jibu la uongo, na kesho kigongo chote kitajua. Ningekuwa yeye sijui kama ningesimama.

Alisimama. Alitembea hatua chache kuelekea ghalani, akageuka.

"Ile simu ilipigwa na mwanaume," akamwambia Jamleck. "Sauti kama ya polisi. Anauliza, ni kweli mlipokea sukari? Nani angesema ndiyo? Tulidhani mnaitaka irudishwe, na tulikuwa tumeshakunywa yote, tukasema hatujaona msichana."

"Hatukuwa tunaitaka, Mama."

"Ungesema hivyo kwa simu." Akafungua fundo la leso kwa meno, ufunguo ukaangukia kiganjani. "Na ile ya mbegu, afisa mmoja alituambia zamani kwamba wanaopanda masalio ya ghalani ndio wanaeneza ugonjwa. Sasa mtu akija na karatasi, ninyi mngejibu nini?"

Alipanda ngazi mbili za ghala, akatia ufunguo kwenye kufuli. Ulikwama, akauzungusha, akautoa akaupulizia, akautia tena. Halafu, bila kugeuka, akaita:

"Namalwa! Kuja na hicho kitu chako. Leo andika vile unaona, usiandike vile nilisema."

Tangu tulipofika bomani hakuna mtu aliyekuwa ametaja jina lake. Jamleck aliiangalia tableti iliyokuwa mkononi mwake. Kisha akamrudishia, na Namalwa akaivukisha uwanja kwa mbio kama anayechelewa shule.

Kufuli lilikubali. Mbao zilikuwa zimevimba kwa mvua na mlango ukagoma, kwa hiyo Jepkemei akausukuma kwa nyonga, mara moja, mara mbili, na Namalwa akaweka bega lake karibu na la yule mama. Ukafunguka wote kwa mara moja. Kutoka pale nilipokuwa nimekaa nilinusa udongo na viazi vilivyochipua, na nikaviona, vidogo kama mayai ya kienyeji, vimetandazwa sakafuni hadi ukutani, na machipukizi yao meupe yameelekea kwenye mwanga.